Kampuni ya Vitabu na Sifa Zake

Mwanafunzi akipewa kitabu kipya hutazama picha ya jalada, kisha jina la mtunzi, kisha hufunua moja kwa moja hadi sura ya kwanza. Ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu huuruka, kana kwamba uliwekwa pale kwa ajili ya makarani tu. Nakuomba, msomaji, leo uusome huo. Maneno yake ni machache: jina la kampuni, anwani, mwaka, tangazo la hakimiliki, na chini kabisa jina la mpiga chapa. Mahali pengine pote kampuni ya vitabu hujieleza kwa kujisifu. Hapa hujieleza kwa kuwa sheria na desturi zataka ijieleze, na kwa sababu hiyo hapa ndipo pa kuanzia mtu anayetaka kuihakiki.

Kwanza yafaa tuondoe fujo moja ya lugha. Neno letu kuchapa limebebeshwa kazi mbili, na wengi hudhani kwamba mchapishaji na mpiga chapa ni mtu mmoja. Sivyo. Mpiga chapa ana mitambo, karatasi na wino. Mchapishaji aweza kuwa hana hata mtambo mmoja, wala tone la wino ila lile la kalamu yake. Kazi yake ni kuchagua, kisha kulipia uchaguzi wake. Muswada ukimfikia, mhariri huusoma, naye akiona una dalili njema huupeleka kwa msomaji wa nje, mara nyingi mwalimu au mtaalamu wa somo lile, atoe maoni yake. Ukikubaliwa, mhariri na mtunzi huketi nao miezi mingi, wakikata na kuongeza. Wasanifu huupanga, mpiga chapa huutia katika karatasi kwa mkataba, ghala huzipokea nakala, na wauzaji huzipeleka madukani na shuleni. Mtunzi hupata mrabaha, yaani fungu la fedha kwa kila nakala iliyouzwa. Zisipouzwa, hasara ni ya kampuni. Basi usishangae kwamba katika nyumba hiyo neno la mwisho huwa la yule anayejua nakala ngapi zitauzwa, naye mara chache huwa ndiye aliyeupenda muswada kuliko wenzake.

Sasa tazama anwani. Ukipata vitabu vya zamani vilivyochapishwa Nairobi utakuta kwamba Oxford University Press ilijitangaza kuwa iko Electricity House, Harambee Avenue, na kwamba East African Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilikuwa Uniafric House, Koinange Street. Hapo ni katikati ya mji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka moja hadi nyingine. Vitabu vya miaka iliyofuata vyatupeleka upande wa magharibi, ng'ambo ya Museum Hill, hadi Westlands: kampuni ya East African Educational Publishers iliandika kwa miaka mingi kwamba makao yake ni Brick Court, Mpaka Road. Mtu aweza kusema ni habari ya kodi ya nyumba tu, na huenda ni kweli. Hata hivyo mimi hupenda kukumbuka kwamba leo Wizara ya Elimu iko Jogoo House, kwenye Harambee Avenue ile ile ambako Oxford ilikuwa na ofisi zake. Wachapishaji waliweza kuhama mtaa, lakini hawakuweza kuihama Wizara.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo sifa za makampuni haya hazilitaji. Kampuni kubwa ya vitabu vya shule huelezwa kama jamaa yenye idara: wahariri, wasanifu, wauzaji, wahasibu, na mkurugenzi juu yao. Lakini idara yenye nguvu kuliko zote iko nje ya nyumba. Kitabu cha kiada cha Kenya hakiingii darasani mpaka kipite mbele ya taasisi inayosimamia mtaala, ambayo zamani iliitwa Taasisi ya Elimu ya Kenya na tangu mwaka 2013 huitwa Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya. Kikikubaliwa huingia katika orodha rasmi ambayo walimu huiita Orange Book. Kisipokubaliwa hubaki karatasi. Katika miaka ya 1980, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Serikali ilitaka vitabu vingi vya kiada viandaliwe na taasisi hiyo na kuchapishwa na mashirika yake yenyewe, Jomo Kenyatta Foundation na Kenya Literature Bureau. Makampuni mengine yalibaki kugombea makombo. Mwaka 1998 ukaja utaratibu mpya, na shule zikaanza kuchagua miongoni mwa vitabu kadhaa vilivyoidhinishwa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2018, Serikali ikaanza kununua yenyewe kitabu kimoja kwa kila somo na kukipeleka shuleni moja kwa moja, bila kupitia duka la vitabu.

Kwa hiyo ukisoma maneno ya nyuma ya jalada, yapime kwa namna mbili. Neno likisema kitabu “kimeidhinishwa,” hiyo ni habari. Aweza mtu kuichunguza na kuona kuwa ni kweli au uongo. Likisema kitabu ni “bora” na mtunzi wake ana “tajriba pana,” hiyo si habari, kwa maana hajatokea bado mwandishi wa nyuma ya jalada aliyesema kitabu chake ni cha wastani. Sifa isiyoweza kukanushwa haimwelezi anayesifiwa.

Hata jina la kampuni ni maelezo, nalo lastahili kuhakikiwa. Kampuni hiyo ya Westlands niliyoitaja ilianza katika miaka ya 1960 ikiwa tawi la Heinemann ya London, wenye ule mfululizo mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika ulioanza mwaka 1962 na ambao Chinua Achebe alikuwa mshauri wake wa kwanza. Mwaka 1972 aliingia hapo mhariri kijana, Henry Chakava, ambaye baadaye alikuja kuiongoza. Tawi likawa Heinemann Kenya, na mwaka 1992, umiliki ulipokwisha kuhamia mikononi mwa Wakenya, likachukua jina la East African Educational Publishers. Angalia neno lililowekwa katikati. Kampuni iliyojulikana duniani kwa riwaya ilijipa jina la elimu. Wapo watakaoona kwamba ilijishusha. Kwa maoni yangu ilisema kweli. Riwaya hazilishi nyumba ya vitabu katika nchi yetu; kitabu cha hesabu na cha sayansi ndicho kilipacho mishahara, na kutoka katika faida yake hupatikana fedha za kuthubutu kuchapa hadithi ambayo hakuna aliyeiagiza. Kampuni inayoficha jambo hilo na kujiita hekalu la fasihi hutudanganya. Kampuni inayolikiri, kisha isithubutu kamwe, hiyo nayo ni duka tu, hata ikiwa na wahariri mia.

Basi kipimo changu ni hiki: kampuni ilichapisha nini wakati hakuna mtaala uliokitaka? Kwa kipimo hiki twaweza kuirudia Heinemann ya Nairobi na kuitendea haki. Ngũgĩ wa Thiong'o alifungwa bila kushtakiwa mwishoni mwa mwaka 1977, akatoka mwishoni mwa mwaka 1978. Gerezani aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-Inĩ kwa lugha ya Gĩkũyũ, juu ya karatasi za chooni. Fikiri jinsi muswada huo ulivyoonekana katika meza ya mhasibu. Lugha yake haikuwa na soko la riwaya. Mtunzi alikuwa amepoteza kazi yake Chuo Kikuu, na wakubwa hawakumpenda. Wala hapakuwa na darasa ambalo lingekisoma kitabu hicho kwa lazima. Kilichapishwa mwaka 1980, nakala za kwanza zikaisha upesi, kikapigwa chapa tena mwaka huo huo. Matigari ilifuata mwaka 1986, na mwaka 1987 polisi wakapita madukani wakikusanya nakala zake. Kampuni hiyo hiyo ilitoa Mafuta ya Katama Mkangi mwaka 1984. Mwaka 1986 mtunzi akatiwa kizuizini, na mwaka 1995 kampuni, kwa jina lake jipya, ikatoa Walenisi yake.

Sisemi kwamba kila kitabu kisichoagizwa ni kizuri, wala kwamba vitabu teule ni vibaya. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa na Longhorn mwaka 1996, ilisomwa na maelfu ya wanafunzi kwa kuwa iliteuliwa, nao wengi waliipenda kwa haki. Nasema tu kwamba uteuzi ni mkono wa mtu, na mkono huo hauonekani katika ukurasa wowote. Wewe unayesoma maneno haya huenda umesoma riwaya tatu au nne za Kiswahili tangu uingie sekondari, na huenda zote ulipewa. Ukidhani hizo ndizo fasihi yote ya Kiswahili, kosa si lako, lakini hasara ni yako. Tena hasara hiyo yaweza kukua, maana muuzaji aliyebeba vitabu vya kiada hadi mji mdogo alikuwa akibeba na riwaya mbili tatu katika sanduku lile lile. Vitabu vya kiada vikiwa sasa vyaenda vyenyewe, sijui ni nani atakayelipa nauli ya riwaya.

Ukitaka kuona kampuni ya vitabu ikielezwa bila mapambo, usisome orodha yake. Tafuta kitabu cha Kiingereza ambacho Chakava, aliyefariki mwaka 2024, alikitoa mwaka 1996 kwa jina la Publishing in Africa: One Man's Perspective. Humo mkuu wa kampuni anazungumza juu ya madeni, karatasi, mikataba na London, na hofu. Anasimulia kwamba kwa sababu ya kumchapisha Ngũgĩ alitishwa kwa simu, na kwamba watu walimvamia karibu na lango la nyumba yake Nairobi, wakamjeruhi kidole cha mkono.