Nani amemutoa Luambo mahali pake? Ju ya DVD za OK Jazz na mabafle sita

Wasomaji wengine watajiuliza DVD inatafuta nini katika kitabu cha mila. Tunajibu mara moja. Tangu Desemba 2021, wakati UNESCO iliandika rumba ya Congo zetu mbili katika orodha ya urithi wa wanadamu, kila mutu anasema kama rumba ni mila. Basi yule anayegusa sauti yake tuna haki ya kumuuliza maswali, sawa vile tungemuuliza mutu aliyepaka rangi mpya sanamu ya babu.

Kitu chenyewe njo hiki. Siku moja ya Mungu, memba mmoja wa chama chetu alituita kwake kuangalia DVD tatu za OK Jazz, ile orkesta iliyozaliwa Léopoldville mwaka 1956 na kuchukua jina la O.K. Bar. Juu ya kifuniko waliandika kwa namba kubwa: 5.1. Kwa wale wasiojua, maana yake ni mabafle matano kuzunguka msikilizaji, matatu mbele na mawili nyuma ya mgongo, pamoja na la sita la sauti nzito tu, linalokaa chini. Mwenye nyumba alikuwa nayo yote sita. Umeme ulikuwako. Tulikaa katikati kama wafalme.

Picha ni nzuri, hatukatai. Luambo Makiadi ameketi kitini na gitaa yake, waimbaji wamejipanga, suti zao zimenyooshwa. Kisha sauti ikaanza, na mzee wetu, ambaye zamani alipiga tumba katika orkesta ya kambi ya wafanyakazi, akageuka kuangalia nyuma.

— Mwalimu, Luambo ninamuona mbele, lakini gitaa yake iko nyuma ya kiti changu. Nani amemutoa mahali pake?

Baada ya wimbo wa pili akauliza tena:

— Na hii tumba, wanaipigia chooni?

Tulicheka sana, lakini mzee alisema kweli tupu. Sauti ya televizio ya wakati ule ilishikwa yote pamoja, katika njia moja. Ni mboga iliyokwisha kuiva: chumvi huwezi kuitoa. Kama kungekuwa na bandi za studio, kila chombo katika njia yake, mutu angeweza kuchanganya upya kweli kweli. Kwa kadiri masikio yetu yalivyosikia, huyu mtengenezaji hakuwa nazo. Alikatakata tu. Sauti nzito alizituma kwa bafle la chini, kali akazituma nyuma, akaongeza mwangwi, tena akachelewesha kidogo yale ya nyuma ili chumba kisikike kikubwa.

Kwa wimbo wa polepole mutu anavumilia. Lakini sebene inapofika, hapo njo mambo yanaharibika kabisa. Tukumbuke sebene inatengenezwa na nini: gitaa ya solo, mi-solo, akompa, na besi chini yao. Kila mmoja anarudilia kipande kidogo, peke yake hakisemi kitu kikubwa, na utamu unatoka paka pale vipande vinapokutana. Sasa weka mwangwi unaofika nyuma kwa kuchelewa. Ni sawa umeleta mpiga gitaa wa nne asiyejua wimbo. Maraka, nayo, hatukuisikia hata kidogo; tunafikiri walipokuwa wakisafisha kelele za bandi waliidhania kelele.

Sisi watu wa Katanga tungepaswa kujua hii mbele ya wengine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo. Ilikuwa gitaa moja tu, na hata sasa vijana wakisikia Masanga wanauliza wapigaji walikuwa wangapi. Hakukuwa bafle la nyuma.

Kuna jambo lingine lililotusumbua zaidi. Katika ngoma za kijijini ngoma iko katikati, na watu wanaizunguka. Katika bar orkesta ilikaa pamoja upande mmoja, na wachezaji mbele yake. Hii 5.1 inageuza mambo: msikilizaji ameketi katikati, na wanamuziki wanamzunguka kama watumishi. Tena kiti kizuri ni kimoja tu. Yule anayesimama kucheza anatoka pale sauti zinapokutana, na hasikii tena vizuri. Rumba ya kukatazwa kusimama!

Tuseme pia haki. Katika DVD ya tatu kuna vipande vya konseri, na pale walituma nyuma makofi na vigelegele tu. Tulijisikia sawa tumesimama kati ya watu. Mtengenezaji angeishia hapo tungemshukuru.

Kosa kubwa kwetu ni lingine: ukitafuta katika DVD zote tatu, sauti ya zamani haimo. Huwezi kuichagua. Uingereza, mwaka 2022, walipotengeneza upya Revolver ya Beatles kwa mashine za leo zinazotenganisha sauti zilizoshikana, katika kifurushi kikubwa waliweka pia mono ya 1966. Anayetaka mpya achukue mpya, anayetaka ya wazee anaikuta. Kwa nini ya Luambo ifutwe?

Tunauliza kwa sababu sisi ni walimu. Tulionyesha kipande kimoja kwa wanafunzi wa mwaka wa tano, na kijana mmoja, mwenye akili, akasema: «Mwalimu, wazee hawakujua kupiga pamoja.» Alisema yale masikio yake yalisikia. Franco alikufa 1989, Simaro Lutumba 2019, Verckys 2022. Nani wa kumkatalia?

Kwa sasa tumefanya hivi: DVD tunaionyesha bila sauti, na pembeni tunaweka kaseti ya mzee, yenye nyimbo zilezile. Midomo haifuatani sawasawa na maneno, na wanafunzi wanacheka. Lakini siku ya kwanza, sebene ilipoanza, wawili wa nyuma walianza kupiga meza, na tuliwaacha.