Joto Lililofungiwa Darini

Mtu akipanda ngazi ndani ya nyumba mpya ya Kitengela, saa nane mchana mwezi wa Februari, akasukuma kile kifuniko cha kuingilia darini, joto humpiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa ghafla. Mbao zinanukia. Mabati hayashikiki. Akitazama pembeni, pale paa linapokutana na ukuta, ataona kazi safi ya fundi: kila upenyo umezibwa kwa simenti na ubao. Hewa yote iliyochemka humo haina pa kutokea.

Kitengela iko takriban nyuzi 1.5 kusini mwa Ikweta. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Kuta hupigwa na jua la asubuhi na la jioni, lakini paa ndilo hubeba mzigo wa mchana. Siku isiyo na mawingu, kila mita mraba hupokea karibu kilowati moja. Kwa paa la mita mraba 100, hiyo ni sawa na pasi 100 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Sehemu kubwa ya joto hilo hurudi angani na kwenye upepo wa nje. Linalobaki hushuka kwa njia mbili: hewa ya darini hupashwa, na bati lenyewe, kama jiko la makaa, hurusha joto moja kwa moja hadi kwenye ubao wa dari.

Jibu la sehemu ya tatizo hili lilishapimwa Kajiado, ingawa waliolipima walikuwa wakitafuta kitu kingine. Kati ya 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilifanya kazi na familia za Wamaasai waliokuwa wakipika ndani ya enkaji, ile nyumba ya chini inayojengwa na wanawake kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe. Dirisha lilikuwa tundu dogo tu. Vipimo vya awali vilionyesha zaidi ya mikrogramu 5,000 za chembe za moshi katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24. Wenye nyumba, wengi wao wanawake, walishiriki kuchagua la kufanya: kupanua madirisha, kuacha nafasi chini ya upenu, au kuning'iniza juu ya moto bati la umbo la faneli lenye bomba linalotoboa paa. Hilo la mwisho ndilo lililoshinda, kwani lilipunguza chembe hizo kwa takriban robo tatu.

Moshi una faida moja kwa mchunguzi: unaonekana. Unamwonyesha mtu njia ya hewa ya moto, nayo njia hiyo ni ileile darini Kitengela. Hewa ya moto hupanda ikiwa kuna tundu juu, na haitoki kwa wingi mpaka kuwe na tundu jingine chini la kuingizia hewa baridi. Mafundi wengi hukumbuka la juu wakasahau la chini, kisha mwenye nyumba akalalamika kwamba matundu hayasaidii. Yatasaidiaje?

Hesabu si ngumu. Tuseme kutoka upenuni hadi mgongo wa paa ni mita mbili, na darini kuna nyuzi 20 zaidi ya nje. Hewa itatoka kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde. Matundu ya juu yenye jumla ya mita mraba 0.2, na ya chini yasiyopungua hapo, yatabadilisha mita za ujazo 100 za hewa ya darini kwa dakika nane au tisa, na kuondoa kilowati nne hivi za joto.

Kilowati nne kati ya zile 100 za juani? Ndiyo, na hapo ndipo wauzaji wa vipoza paa hunyamaza. Matundu hayazuii bati kurusha joto. Kazi hiyo ni ya rangi nyeupe juu ya bati, au ya karatasi ya alumini chini yake. Ajabu ni kwamba Kitengela ya sasa inapenda mabati ya rangi ya makaa, na inapenda zaidi paa lililofichwa nyuma ya ukuta ulioinuliwa pande zote. Mtindo huo ni maridadi kwenye picha, lakini upenu umeondolewa, na pamoja nao kivuli cha madirisha na njia ya hewa. Kwa hali ya hewa ya uwanda huu, ni uamuzi mbaya.

Bati lenyewe halina hatia. Francis Kéré, aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alilitumia katika shule ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Alilinyanyua juu ya dari ya matofali kwa fremu za nondo, upepo ukapita katikati. Ufukweni mwa Ziwa Turkana, kwenye chuo cha Startup Lions cha 2021, yeye huyohuyo alijenga minara mirefu ya kutolea hewa ya moto, kwa mfano wa vichuguu vya mchwa.

Wakazi wana hofu zao, na si za bure: vumbi, popo, nyuki, na baridi ya Julai. Wavu wa matundu madogo huzuia wageni hao, ingawa vumbi halikwepeki kabisa. Kuhusu baridi, matundu haya yako juu ya dari, hivyo hayapulizi chumbani. Tena hukausha ule unyevu unaofanya bati litoe jasho alfajiri na kuacha madoa kwenye ubao.

Anayejenga sasa amwambie fundi aache nafasi hizo kabla upenu haujafungwa. Dari ikishapigiliwa na ukuta kupakwa rangi, kazi hiyo itakuwa ya kutoboa na kupaka upya.