Elder Scrolls Online iliharibiwa kwenye skrini ya kwanza

Mliocheza The Elder Scrolls Online (ESO) mwaka ule wa kwanza mnaijua skrini ninayoisema. Iko mwanzo kabisa, hata upanga hujashika. Unachagua kabila, unarefusha pua, unanenepesha tumbo, na juu ya kila kabila imewekwa nembo ya kambi. Redguard, Breton na Orc wanakwenda Daggerfall Covenant. Khajiit, High Elf na Wood Elf wanakwenda Aldmeri Dominion. Nord, Dark Elf na Argonian ni wa Ebonheart Pact. Ukishabonyeza kukubali, basi. Wewe umemchukua Redguard, mdogo wako kamchukua Khajiit, hamtaonana tena mpaka mfike Cyrodiil, na Cyrodiil mnakutana ili mchinjane.

Naitoa hukumu mapema ili anayetaka kununa anune sasa hivi: huo ndio uamuzi mbovu kuliko yote katika mfululizo huu, na unabeba aibu kubwa kuliko Fallout 76, ambayo nitaifikia.

Ubishi wa kama Elder Scrolls ilistahili kupelekwa mtandaoni au ingebaki ya mchezaji mmoja umeanza tangu gemu hii ilipotangazwa Mei 2012, na kila jina la Bethesda, wenye mfululizo huu, likitajwa vijana wanauwasha upya. Wengi wanaubishania pabaya. Mtandao peke yake haujawahi kuua gemu. Kilichotokea ni kwamba walipoipeleka mtandaoni waliondoa kitu kimoja ambacho bila hicho jina Elder Scrolls ni maandishi tu juu ya boksi: ruhusa ya kwenda popote jicho linapofika. Wakishaondoa hicho, wakakikosa hata kile kilichowapeleka mtandaoni, yaani kucheza na mwenzako.

Tuitazame skrini ile kwa karibu. Mchezaji wa Elder Scrolls huanza na kabila. Kuna watu wamekuwa Khajiit tangu Morrowind na hawajawahi kuwa kingine. Ukiwauliza kwa nini, watakuambia mkia. Kwao kabila ni nafsi ya mhusika. Watengenezaji wake, ZeniMax Online Studios, wakalichukua jambo hilo la moyoni wakaligeuza kuwa kadi ya uanachama, na bila kukuambia kwa sauti kwamba hapa huchagui sura, unachagua watu utakaoruhusiwa kuwaona kwa mamia ya saa zijazo. Mtasema wachezaji wangeelewana kabla, wote wachague kambi moja. Sawa. Lakini aliyetoka Skyrim atajuaje kwamba kuna la kuelewana? Katika gemu tano kuu zilizotangulia hakuna hata moja iliyomwadhibu kwa kuchagua sura.

Ndani ya kambi yenyewe kulikuwa na uzio wa pili. Ukiwa Dominion unaanza Auridon, unapanda Grahtwood, halafu Greenshade, halafu Malabal Tor, ndipo Reaper's March, kila eneo na levo zake. Jitie ujuba uingie Reaper's March na levo 12 uone kama mnyama wa kwanza hatakulaza kwa mapigo mawili. Nchi za kambi nyingine ulipewa baada ya kumaliza stori kuu na kufika levo 50, kupitia kwa Cadwell, yule mzee mwenye sufuria kichwani. Na Cadwell naye alikufungulia nchi bila kukufungulia watu: ulikwenda kwa wapinzani, ukawasaidia wanavijiji wao, na njia nzima hukumwona mchezaji hata mmoja wa kambi ile. Mdogo wako pengine alikuwa amesimama daraja lilelile, saa ileile, katika nakala nyingine ya ulimwengu.

Hapa Dar mtu mmoja wa Simba na mwingine wa Yanga wanalala chumba kimoja na kula sinia moja, wakitukanana mpaka mapaja ya kuku yaishe. Gemu hii ilifuta sinia, ikaacha matusi.

Chanzo cha ukuta huu kinajulikana. Matt Firor, aliyeiongoza ZeniMax Online Studios tangu ilipoanzishwa mwaka 2007, alitokea kampuni ya Mythic, na alikuwa miongoni mwa watengenezaji wa Dark Age of Camelot ya mwaka 2001. Camelot ilikuwa na himaya tatu, Albion, Hibernia na Midgard, zisizochangamana ila vitani. Pale ilifaa sana. Gemu ilizaliwa na vita vyake, hakuna aliyewahi kuizurura Hibernia peke yake kabla ya hapo akaja kulalamika kwamba amefungiwa. Tamriel, bara la Elder Scrolls, ilikuwa na wenyewe. Arena ya mwaka 1994, gemu ya kwanza ya mfululizo, ya zama za disketi, ilikuacha uende mkoa wowote wa Tamriel siku ya kwanza. Miaka 20 baadaye, kwa mabilioni ya pesa na mamia ya watu, tukaambiwa tusubiri levo 50.

Na wasije wakatuambia ukuta ule ulitakiwa na stori. Aliyeagiza gemu kabla haijatoka alipewa kifurushi cha kuweka kabila lolote katika kambi yoyote. Anayewahi kulipa, Khajiit wake anaingia Covenant bila swali. Sheria ya stori inayolegea ukionyesha risiti si sheria ya stori.

Sasa turudi Seyda Neen. Morrowind, mwaka 2002. Unashushwa kwenye meli ukiwa mfungwa ambaye hata jina hana, karani anakuuliza wewe ni nani, unatoka nje, umemaliza. Hakuna mshale wa kukuelekeza. Una kifurushi cha kumpelekea Caius Cosades huko Balmora, na maelezo ya njia kama yale anayokupa mtu wa Mbagala: nyoosha, ukivuka daraja uliza tena. Ukishika barabara, mchawi anaanguka kutoka angani anapiga kelele na kufa mbele ya miguu yako. Ukimpekua unakuta hati za kurukia. Ukizitumia, unaruka mpaka upande wa pili wa kisiwa, na kama hujajipanga namna ya kutua, unakufa kama yeye. Hakuna aliyekuzuia. Unaweza hata kumuua mtu ambaye stori nzima inamtegemea. Gemu itakujulisha kwamba umeharibu, halafu itakuacha uendelee kuishi na uharibifu wako. Ken Rolston na wenzake walitengeneza gemu inayokuheshimu kiasi cha kukuruhusu uivunje. Todd Howard aliilainisha Oblivion mwaka 2006 na akazidi kuilainisha Skyrim mwaka 2011, lakini hata Skyrim, ukitoka Helgen, ukimpa mgongo yule anayekuita Riverwood, hakuna wa kukurudisha.

ESO ya mwaka 2014 nayo haikukosa kazi nzuri: sauti za Michael Gambon na John Cleese, muziki, vitabu vya mle ndani, pango moja moja lililoandikwa kwa akili.

Kuna jambo la pili nimelisema sana na sitaacha, nalo ni mahali seva zilipo. Upiganaji wa ESO unadai mkono mwepesi. Ujuzi wa aina tano tu kwenye mstari, pigo jepesi linachomekwa katikati ya ujuzi na ujuzi, unakinga, unamkatiza adui anapovuta uchawi. Anayechomeka vizuri anampita asiyechomeka kwa mbali mno. Sasa kaa Tandika ufanye hivyo. Seva ya Ulaya gemu ilipotoka haikuwa hata Ulaya, ilikuwa Marekani; ikahamishiwa Frankfurt Julai 2014. Kutoka Dar mpaka Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi pekee ni milisekunde 70, na hiyo ni kama waya ungenyooka, na waya haunyooki: unazunguka baharini, unapita Bahari ya Shamu, ndipo utokee Ulaya. Ongeza mnara wa simu uliolemewa saa mbili usiku na bando linaloisha kabla bosi hajafa. Unakinga, seva inakujibu kwamba umeshakufa zamani. Halafu mchambuzi wa Ulaya anaandika kwamba upiganaji ni mzuri.

Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ya Tanzania ikawa ya kunusa. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa nchi nzima na kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Mwenye Skyrim na yuniti za LUKU aliendelea na safari zake. Mwenye ESO alikuwa na mhusika wa levo ya juu, farasi, nyumba na nguo za kifahari, vyote viko Ujerumani.

Tusisahau pesa. Gemu ilipotoka Aprili 4, 2014 kwenye kompyuta, uliinunua kwa bei kamili, kisha ukatakiwa kulipa dola 14.99 kila mwezi ili uruhusiwe kuigusa. Dola, kwa kadi, kila mwezi, katika mji ambao hata umeme tunanunua kidogokidogo. Machi 2015 wakaiondoa ada hiyo. Lakini siku hizi mfuko usiojaa wa kuwekea malighafi bado ni wa wanaolipia uanachama, na anayetengeneza silaha bila mfuko ule anatumia nusu ya muda wake kufuta takataka. Kwenye PlayStation mlima unaongezeka, kwa sababu PSN haiitambui Tanzania. Wengi wetu tumejisajili kwa anwani za nchi ambazo hatujawahi kukanyaga. Mei 2024 Sony ilipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PSN, gemu ile iliondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 kabla hawajarudi nyuma. Anayeuliza kwa nini kijana wa Kinondoni anaogopa gemu inayomtegemea mwenye seva, jibu liko hapo.

Wanaoitetea watanitupia namba: zaidi ya watu milioni 20 wameicheza ESO tangu ianze. Nazikubali. Ila angalieni tarehe. ESO ilifika kwenye PlayStation 4 na Xbox One Juni 9, 2015, na ukuta bado umesimama. Vijana wawili, mmoja Mbagala na mmoja Mwananyamala, walioinunua mwaka ule kila mtu na diski yake, waliikuta skrini ileile na balaa lilelile. Oktoba 2016 ndipo ilipokuja One Tamriel. Ikavunja uzio wa levo, ikaruhusu kambi zote zichangamane kila mahali isipokuwa kwenye vita, ikakuacha uende unakotaka. Juni iliyofuata wakarudisha Vvardenfell, kisiwa cha Morrowind. Miaka miwili na nusu ya kuonyesha kwamba ukuta haukuwa na kazi, na gemu iliyosimama mpaka leo ni ile waliyoibomoa wenyewe wakairudisha karibu na Arena. Naoki Yoshida alikuwa na Final Fantasy XIV iliyooza ya mwaka 2010. Akaifunga hadharani, akaijenga upya, akairudisha Agosti 2013. Firor alikuwa na mfano huo mbele ya macho miezi saba kabla ya kufungua duka.

Fallout 76 ya Bethesda haohao nayo, Novemba 2018: ulimwengu mzima bila mtu mmoja wa kuzungumza naye, roboti na kanda za sauti za marehemu tupu. Walidhani wachezaji wenyewe ndio watakuwa watu. Iliwachukua mpaka Aprili 2020 kuwarudisha wanadamu. Ni ugonjwa uleule: kuondoa kilicholeta watu, halafu kukirejesha kwa jina la zawadi.

Na kumbe walichoombwa hakikuwa kikubwa. Sikilizeni wachezaji wa Skyrim mtaani walichokuwa wakilia nacho tangu 2011: pedi ya pili. Mtu na kaka yake, pango moja, joka moja. Hakuna aliyeomba kambi tatu, gildi za watu mia tano wala ngome za kuteka usiku kucha. Julai 2022 watu wa kujitolea, bila ofisi wala mshahara wa Bethesda, walitoa Skyrim Together Reborn, na wachezaji wachache wakaanza kutembea pamoja katika Skyrim ileile, na mmoja wao ndiye mwenye seva. Ina kasoro nyingi, misheni zinagoma, farasi wanaota hewani. Lakini ndicho kitu chenyewe, na kimetengenezwa na mashabiki wakati kampuni iliyonunuliwa na Microsoft pamoja na kampuni mama yake kwa dola bilioni 7.5 bado inauza mifuko.

The Elder Scrolls VI ilitangazwa Juni 2018 kwa picha ya milima na muziki, na hadi naandika haya haijatoka. Bethesda waiache iwe ya mchezaji mmoja, iwake bila intaneti, na wakitaka kutupa mtandao watupe nafasi ya mtu wa pili tu, wa kabila lolote analotaka. Mkiona kwenye skrini ya kwanza nembo ya kambi juu ya kabila, msinunue.