Nyumba ya Whispers na Shtaka la Kumdunisha Mwanamke

Anayemtetea Wahome Mutahi dhidi ya shtaka la kumdunisha mwanamke huelekea kuanza na gereza. Mutahi alikamatwa mwaka 1986, katika msako wa watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, akafungwa. Na alipotoka aliendelea kuwadhihaki watawala katika safu yake ya Whispers hadi alipofariki Julai 2003. Yasemwa basi kwamba mtu aliyeteswa na dola hawezi kuwa mwonezi wa wanawake. Hoja hii ni dhaifu. Kifungo kinathibitisha msimamo wa mwandishi juu ya serikali. Hakithibitishi lolote juu ya jinsi alivyomchora mke.

Shtaka lenyewe si gumu kulieleza. Msimulizi wa safu hiyo, Whispers, ajiitaye Mwana wa Udongo, ana mke ambaye hamtaji ila kwa lakabu ya Thatcher. Binti yake ni Pajero, jina la gari la wenye nacho, na tena humwita kitegauchumi, kwa kuwa anatazamia mahari. Mke ni dikteta, binti ni rasilimali.

Utetezi ulio bora kuliko ule wa gereza hutokana na fani. Hapana budi kumtenga mwandishi na msimulizi. Whispers ni mlevi, mwoga, mwingi wa majigambo, na kila anapojitangaza kuwa kichwa cha nyumba, nyumba yenyewe humsuta. Kicheko humwangukia yeye. Anapomhesabu bintiye kama mali, kinachofichuliwa ni uroho wa baba, na jina la gari linaufichua zaidi, maana uroho huo ni wa tabaka zima lililopima utu kwa magurudumu. Kwa upande wa Pajero, kwa hiyo, shtaka halisimami vizuri.

Kwa upande wa Thatcher mambo ni mengine. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja, na katika miaka iliyofuata kumsema Rais waziwazi kulikuwa hatari. Mutahi akaigeuza nyumba kuwa dola: amri, hofu, raia mdogo anayenyata usiku asionekane. Ni mbinu ya werevu mkubwa. Lakini kiti cha mtawala katika nyumba hiyo amekaliwa nani? Mwanamke. Afrika ya wakati huo haikuwa na uhaba wa madikteta wa kiume ambao majina yao yangalifaa. Amin alikuwa ameng'olewa Uganda mwaka 1979 tu, mwaka uleule Margaret Thatcher alipoingia madarakani Uingereza. Jina la mwanamume, hata hivyo, lingalikaribia mno Ikulu. Jina la mwanamke lilikuwa salama, kwa sababu msomaji alikwisha kuzoea kucheka mke mwenye amri. Mke akawa pazia, na gharama ya udhibiti wa maandishi ikalipwa naye.

Matokeo yake ni kwamba matini hiyo moja huzaa vicheko viwili. Msomaji wa siasa humwona mtawala nyuma ya mke. Msomaji asiyekwenda mbali hivyo humwona mke tu, akaridhika kwamba mamlaka mikononi mwa mwanamke ni kichekesho au ni balaa. Tashtiti haina njia ya kuchagua kicheko kimoja na kukikataa kingine. Na ukimwondolea msomaji wa kwanza dhana ya yule wa pili, mzaha wenyewe unapoa.

Kuna pia suala la nani anasema. Okot p'Bitek, katika Song of Lawino ya mwaka 1966, alimpa mke ulimi mzima, akamwacha amkosoe mume pamoja na siasa za vyama baada ya uhuru. (Kwamba Lawino naye ni kazi ya mwanamume, na ana lawama zake, ni kweli.) Katika Whispers, maneno ya Thatcher hutufikia kupitia kinywa cha mume aliyeonywa, mwenye kila sababu ya kuyatia chumvi. Kuchanganya kwa Mutahi Kiingereza, Kiswahili, Kigikuyu na Sheng kumesifiwa, na ni haki kusifiwe. Lakini sauti hizo zote zimepita katika koo moja.

Haiwezekani kusema kwamba hakuwa na njia nyingine. Riwaya yake Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka 1991, inaonyesha ukatili wa dola kama ulivyo, bila kuuvika nguo za nyumbani. Na katika tamthilia zake za Kigikuyu za miaka ya 1990, kama Mugathe Mubogothi, mtawala anatajwa kwa cheo chake mwenyewe cha utukufu, akachekwa mbele ya walevi na wasio walevi katika baa. Mugathe alipopanda jukwaani, mke hakuhitajiwa tena kumkalia kiti.