Nguzo Sita za Nyumba ya Gavana wa Texas

Mbele ya nyumba rasmi ya gavana wa Texas, jijini Austin, jicho halina budi kuanzia kwenye nguzo. Ziko sita, nyeupe, zimepanda kutoka sakafu ya baraza hadi chini ya paa na kupita ghorofa mbili bila kukatika. Vichwa vyake vimeviringishwa kulia na kushoto, kwa mtindo wa Kiionia wa mahekalu ya Ugiriki ya kale. Mlango uko katikati kabisa, na madirisha yamegawanywa sawa pande zote mbili. Fani ya namna hii ina madai yake: hapa inakaa serikali ya watu huru, warithi wa Athens.

Madai hayo yalitolewa mapema mno. Texas ilijiunga na Marekani mwaka 1845, na nyumba ilipokamilika mwaka 1856 Austin ulikuwa bado mji mdogo. Fundi mkuu, Abner Cook, alitakiwa kusimamisha fahari ya marumaru pasipokuwa na marumaru. Akafyatua matofali ya udongo wa hapo hapo, akaleta misonobari kutoka Bastrop. Zile nguzo ni mbao. Sioni kasoro katika hilo. Naliona ndilo jambo la ustadi kuliko yote, maana vipimo vimekaa sawa kiasi kwamba mtazamaji hafikirii kuuliza zimejengwa kwa kitu gani.

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Ndani, mpango wa awali ni sahili: korido pana katikati, vyumba viwili kila upande, na ghorofani vivyo hivyo. Katika unyoofu huo wote, kilichonivuta zaidi ni reli ya ngazi. James Hogg, gavana kuanzia 1891 hadi 1895, aliigongomea misumari ili watoto wake waache kuiserereka. Misumari iling'olewa baadaye, matundu yakabaki, na kwa miaka mingi wageni wakawa wanaoneshwa. Cook alipanga kila mstari wa nyumba hii. Matundu yale hakuyapanga, na ndiyo yanayotuambia kwamba waliokaa humu walikuwa familia.

Ghorofani ndiko inakosimuliwa kwamba Gavana Sam Houston alitembea huku na huko usiku kucha mwezi Machi 1861. Kulipokucha alikataa kula kiapo cha utii kwa Shirikisho la majimbo ya Kusini yaliyojitenga, akapoteza ugavana. Kisa hiki kinaafikiana na nguzo za mbele: kiongozi aliyeachia cheo badala ya msimamo. Lakini Houston huyo huyo alimiliki watu. Jeff Hamilton, kijana aliyekuwa mtumwa wake, alimtumikia Austin katika siku hizo hizo, akaishi hadi kumbukumbu zake zikachapwa kitabu mwaka 1940.

Hapo ndipo fani na maudhui vinapogombana. Upande wa mbele unazungumzia uhuru kwa sauti kubwa; kazi ya kuufanya upande huo uwezekane ilifanyika nyuma, jikoni, na waliokuwa huko hawakuachiwa hata dirisha moja katika sura rasmi ya jengo. Mwaka 1914, chini ya Gavana Oscar Colquitt, jiko hilo la zamani lilibomolewa na nyuma kukajengwa sehemu mpya. Nyumba ikapata nafasi, ikapoteza ushahidi.

Alfajiri ya tarehe 8 Juni 2008 mtu alirusha bomu la petroli kwenye baraza. Moto ukapanda na nguzo hadi darini. Gavana Rick Perry alikuwa safarini, na samani zilikuwa zimehamishwa kwa sababu ya ukarabati, kwa hiyo vitu vingi vya thamani vilisalimika. Mafundi walifanya kazi hadi 2012 kuirudisha nyumba katika sura yake. Nawapongeza kwa moyo wote. Kuacha kazi ya Cook ioze kungekuwa hasara kwa kila anayependa majengo. Hata hivyo, bidii kubwa ilielekezwa kwenye kile ambacho tayari kilikuwa kinaonekana.

Msomaji, ukijaliwa kufika Austin, zitazame nguzo kwa utulivu, zinastahili. Kisha muulize anayekutembeza jiko la kwanza lilikuwa upande gani, na nani walipika humo.