Fundi wa Picha ni Shahidi

Ndugu msomaji, wako vijana wetu wanaotamani kazi ya kutengeneza kwa kompyuta picha za televisheni za mambo ambayo kamera haikuyaona. Swali wanaloulizwa kila mara ni lile la kuchora chenye roho. Wanazuoni wamelijadili, nami sitalirudia. Liko jingine lisiloulizwa sana, nalo ni la ushahidi.

Chukua mfululizo wa vipindi 6 uitwao "Walking with Dinosaurs", ulioonyeshwa na BBC mwaka 1999. Mafundi wa Framestore ya London, wakiongozwa na Mike Milne, waliwatembeza tena dinosauri waliokwisha toweka. Kazi yao yastahiki sifa. Misitu na fukwe zilipigwa picha mahali pa kweli, Chile, New Zealand na kwingineko. Mnyama akapachikwa baadaye. Hata hivyo kivuli chake kinalala palepale jua linapotaka, na uzito wake unaonekana katika kila hatua. Hapo ndipo fundi anapoachana na mbabaishaji, ambaye mnyama wake huelea kama karatasi.

Lakini ustadi huohuo ndio ulioutia uongo nguvu. Kipindi cha tatu kilimwonyesha Liopleurodon, mnyama wa baharini, kuwa na urefu wa mita 25 na uzito wa tani 150. Mifupa iliyopatikana haithibitishi hayo. Wataalamu humkadiria kuwa chini ya mita 10. Na msimulizi hasemi "huenda". Anasimulia kama mtu aliyekuwapo!

Mtasema, kwani michezo ya televisheni si ya kubuni yote? Naam, lakini mtazamaji wa mchezo anajua kuwa ni mchezo. Hapa mtoto aliyekaa mkekani anaambiwa ndivyo ilivyokuwa. Suratul Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na inataja kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Fundi atajitetea kuwa kipimo alipewa na wakubwa. Utetezi dhaifu huo: karani aandikaye hesabu ya uongo kwa amri ya tajiri wake hajatoka katika lawama.

Mwaka 2025 BBC ilitoa mfululizo mwingine wa jina hilohilo. Safari hii mtazamaji anaonyeshwa kwanza wachimbaji wakifukua mifupa mchangani, ndipo mnyama anapoinuka. Kijana anayeitaka kazi hii na aitazame yote miwili, moja baada ya mwingine, na asizipitishe haraka zile dakika za vumbi na brashi.