Pongezi kwa Mafundi wa Swichi, Ikutha

Ufunguo ukikwama kwenye swichi ya gari hapa Ikutha, kwenye barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, usiuvute kwa nguvu. Mwite fundi wa jua kali. Ndani ya swichi mna vibati vyembamba na springi ndogo. Ufunguo mzima huvipanga sawa, silinda ikazunguka. Miaka ikipita na vumbi likiingia, vibati na meno ya ufunguo hulika, vikashikana.

Fundi hodari haanzi na nyundo. Kwa gari la otomatiki, hutazama kama gia iko P, huchezesha usukani taratibu ili kufuli lake lilegee, kisha huuzungusha ufunguo kwa upole. Ukitoka, hufungua silinda, huisafisha, hubadilisha vibati vilivyolika na kutia unga wa grafiti, si grisi inayonasa vumbi. Wala hashauri kunakili ufunguo uliochakaa, maana nakala hurithi uchakavu.

Mafundi wetu, wepesi wa mikono yenu na subira yenu ni hazina. Hongereni! Nawe dereva, punguza rundo la funguo unaloning'iniza kwenye ufunguo wa gari. Uzito wake huichakaza swichi.